Mpigo Hupimwa kwa Mpigo

Nilipoajiriwa kuwa fundi wa leza katika maabara moja nchini Uingereza, nilikabidhiwa kazi ya kupima mapigo ya mwanga ya femtosekunde 30 hivi. Ndani ya femtosekunde moja mwanga husafiri mikromita 0.3 tu, na hakuna kihisi cha umeme kinachowahi mwendo huo. Ndiyo maana mpigo hupimwa kwa mpigo wenyewe: unagawanywa nusu kwa nusu, nusu moja inacheleweshwa kwa kusogeza kioo, kisha zote mbili zinakutanishwa ndani ya fuwele nyembamba. Hapo mwanga mwekundu, ambao jicho huuona kwa shida, unazaa buluu. Kwenye karatasi nyeupe huonekana madoa mawili, na katikati yake la tatu, ambalo hutokea pale tu nusu hizo zinapofika pamoja. Ukigusa skrubu kidogo, limetoweka. Nililipenda doa lile tangu siku ya kwanza.

Shida ni kwamba mchoro wa mng'ao wake kioo kikisogezwa una pande mbili zilizo sawa daima, hata kama mpigo umeegemea upande mmoja. Ili kupata muda wa mpigo, lazima kwanza ukisie umbo lake. Mchoro wenye upana wa femtosekunde 46 ukigawanya kwa 1.41 unapata 33. Ukikisia umbo jingine na kugawanya kwa 1.54, unapata 30. Watu walipenda namba ndogo. Mimi sikukubali kuiandika bila kutaja kisio kilichoizaa.

Mbinu ya FROG, waliyoibuni Daniel Kane na Rick Trebino mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilituondolea kisio hicho. Buluu inachambuliwa rangi zake kwa kila hatua ya kuchelewesha, halafu kompyuta inasaka mpigo unaoweza kutoa picha ile. Lakini FROG ya namna yetu haitofautishi mbele ya mpigo na nyuma yake, kwa hiyo tulipitisha mwanga kwenye kipande cha kioo na kupima upya. Milimita 10 za kioo cha kawaida cha lenzi huurefusha mpigo wa femtosekunde 30, ambao rangi zake zote zinafika pamoja, hadi 50 hivi. Kipimo kikikataa kuonyesha hivyo, kipimo ndicho chenye kasoro.

Kioo hichohicho kimo kwenye kila lenzi na kila dirisha la chemba. Kwa hiyo nilishikilia tupime palepale sampuli inapokaa, si mdomoni mwa leza, hata ilipobidi kufungua mpangilio mzima. Watafiti walinung'unika mwanzoni. Baadaye wakawa wananiita wenyewe kabla ya kuanza.