Bima ya Vyombo vya Nyumbani: Yaliyomo na Yasiyomo



Kutawakali hakuondoi wajibu wa kujihadhari. Mtume (S.A.W.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tuliohama mwambao tukaja kuishi Kitale tunalikumbuka funzo hilo kila msimu wa mvua, kwani radi za huku ni kali.

Kule Bungoma, radi ilipiga nyumba ya mjane mmoja, jirani wa dada yangu. Makochi, friji na cherehani iliyokuwa ikimlishia watoto viliteketea. Alhamdulillahi, roho zilisalimika. Alikuwa na bima ya vyombo, lakini fidia ilikuja nusu ya hasara, naye akaona amedhulumiwa. Tuliketi tukausoma mkataba wake, ukurasa baada ya ukurasa.

Sababu ilikuwa hii: vyombo vyake vyote vilikuwa na thamani ya shilingi 400,000, naye alivikatia bima ya 200,000 ili apunguze ada. Anayekatia bima nusu ya mali hulipwa nusu ya hasara. Vilivyoungua vilikuwa vya 160,000, akalipwa 80,000. Wakala aliyemwandikisha hakumfafanulia jambo hilo hata kidogo.

Dada zangu, bima hii hulinda vitu vinavyohamishika: samani, mapazia, nguo, vyombo vya jikoni. Kuta na paa zina bima yake, nayo ni juu ya mwenye nyumba. Mpangaji hukatia vyake tu. Majanga yanayofidiwa kwa kawaida ni moto, radi, mafuriko na wizi wa kuvunja.

Uchakavu, kutu na mchwa havimo. Mwizi aliyepita mlango ulioachwa wazi, mara nyingi hafidiwi alichochukua, kwa kuwa hakuvunja. Nasi tunaoteremka Mombasa kwa Idi tukafunga nyumba wiki kadhaa, tutazame mkataba unaruhusu nyumba ikae bila mtu siku ngapi. Fedha taslimu ama hazimo, ama zina kiwango kidogo mno. Dhahabu nayo ina kikomo. Bangili na vidani vya mahari viorodheshwe kimoja kimoja pamoja na thamani yake. Simu inayopotea sokoni huhitaji kifungu cha ziada.

Wengi huuliza kuhusu halali na haramu. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Jeddah, lilikataza bima ya kibiashara na kuruhusu ile ya ushirika, ambamo wanachama huchangia kwa nia ya kusaidiana. Hapa Kenya, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi hiyo. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kutia saini. Mwenye malalamiko dhidi ya kampuni yoyote ya bima ana haki ya kuyapeleka kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, Nairobi.

Wiki hii, piteni chumba kwa chumba mkiandika kila kitu na bei ya kukinunua leo. Pigeni picha, hifadhini risiti, na nakala moja ikae kwa ndugu, isije ikaungua pamoja na vyombo.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.