Kiherehere cha kompyuta na picha ya bibi

Ndugu msomaji, kama ukoo wako haujawahi kukuteua kuwa "yule anayejua kompyuta", mshukuru Mungu na uendelee kunywa chai yako. Wenzako tukionekana tu tunashuka kwenye basi pale Mwanga mjini na begi la kompyuta begani, tumeshapewa kazi: kadi za harusi, mihutasari ya vikao, barua za kuombea bomba la maji, na zaidi ya yote ratiba za mazishi. Malipo ni makande na "Mungu akubariki, mwanangu".

Sasa katika kazi hizo hakuna inayomtoa mtu jasho kama kuweka picha. Maneno unayagonga, yanakaa. Lakini picha! Unaiweka juu kulia, inakwenda kukaa chini kushoto. Unafuta neno moja ukurasa wa kwanza, picha inaibukia ukurasa wa tatu kama mgeni asiyealikwa. Enzi za taipureta hapakuwa na kasheshe hii. Mwandishi aliacha nafasi, akabandika picha kwa gundi, akapeleka fotokopi, mchezo umekwisha. Karatasi ilikuwa na adabu.

Kwetu ni Ngujini, juu huko kwenye milima ya Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga, ile iliyomegwa kutoka wilaya ya Pare mwaka 1979, wenzetu wakabaki na Same. Ratiba za mazishi zinachapwa chini kwenye steshenari za mjini, halafu zinapandishwa mlimani. Zikishafika juu na makosa, ndiyo zimefika hivyo. Huwezi kumsimamisha mchungaji kaburini eti asubiri, kuna ukurasa unarekebishwa.

Alipofariki bibi yangu mzaa baba, miaka michache iliyopita, tulikuwa na picha yake moja tu ya maana. Alipigwa studio huko Same, kilemba kichwani, hacheki. Wazee wetu hawakuwa na tabia ya kuichekea mashine. Picha hiyo ilipelekwa steshenari moja, jina tuliache, na kijana wa pale akaahidi kazi safi baada ya nusu saa.

Karatasi ya kwanza ilipotoka, shangazi aliiinua juu, akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Mbona mmemweka bega peke yake?"

Kweli bwana. Pale juu palikuwa na kipande chembamba kama utepe, gauni na shingo kidogo, basi. Uso haupo. Kijana anaapa kwamba picha ameiweka nzima. Na hakuwa mwongo. Picha ukiitia kwenye Word bila kuiambia lolote, mara nyingi inahesabiwa kama herufi moja kubwa ndani ya mstari. Sasa kama mistari umeipimia kimo maalumu, pale palipoandikwa "Exactly", mashine haipanui mstari kwa ajili ya herufi yoyote, hata kama herufi hiyo ni bibi yako. Inamkata. Dawa yake ni kurudisha nafasi ya mstari ule kuwa "Single", na uso unajitokeza palepale.

Ukajitokeza. Ila kijana alipoona imekuwa kubwa mno, akaishika picha ubavuni na kuisukuma. Bibi akawa mwembamba mrefu kama mlingoti! Mama zangu wadogo wakashika midomo. Picha hushikwa kwenye pembe, msomaji, ndipo urefu na upana vinapungua kwa pamoja. Ukiishika ubavuni unamkondesha au unamnenepesha mtu ambaye hana tena nafasi ya kukulalamikia.

Halafu ikaja nanga. Ukiitoa picha kwenye mstari ili maneno yaizunguke, inaelea popote, lakini haikai huru. Inafungwa kwenye aya fulani, na alama yake kwenye kioo ni kijinanga kidogo. Sisi watu wa mlimani nanga tunazisikia kwa watu wa pwani tu, kwa hiyo nitasema ni mbuzi na kigingi. Picha ni mbuzi, aya ni kigingi. Mbuzi unaweza kumwona huku, kumbe kigingi kiko kule. Aya ikisukumwa kwenda ukurasa wa pili, picha inaifuata. Ukiifuta aya nzima, picha nayo imekwenda na maji. Watu wanasema "kompyuta imekula picha", kumbe wameng'oa kigingi wenyewe.

Ndiyo maana picha ya jalada nimeifunga kwenye kichwa cha habari, yale maneno ya "Ratiba ya Mazishi", ambayo hakuna mwanaukoo atakayeomba yafutwe. Wasifu wa marehemu ndio hatari. Huo kila anayeingia mlangoni anaongeza jambo: bibi alikuwa kwaya, bibi alilima kahawa, bibi hakuwahi kugombana na jirani (hapo watu wakatazamana). Picha ukiifunga kwenye wasifu itazunguka mpaka kuche.

Lakini kilichotaka kuleta vita hasa hakikuwa picha. Ni hicho kiherehere cha kompyuta kujifanya inajua unachotaka kuandika. Kijana aliorodhesha watoto wa marehemu ndani ya sentensi moja kwa herufi, (a) mpaka (f). Mashine ilipoona (c), ikaamua mtu huyu anataka alama ya hakimiliki, ile c ndani ya duara. Ilipofika (e) ikaweka alama ya Yuro! Kwa hiyo shangazi yangu, mtoto wa tatu, akawa mali yenye hakimiliki, na baba mdogo, mtoto wa tano, akawa pesa za Ulaya.

Unacheka? Baba mdogo hakucheka. Utani wanaotutania Wapare unaujua, kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe tuendeshe kesi ya kuku. Na kulikuwa na maneno ya zamani kuhusu shamba la bibi, nani ametajwa na nani hakutajwa. Mtu mwenye donda hilo ukimpa karatasi ambayo ndugu zake wana herufi na yeye ana alama asiyoijua, hataamini kwamba ni mashine. Alisema taratibu sana, na huo utaratibu ndio uliotutisha: "Nani alimwambia huyo kijana aniandike hivi?"

Nikamketisha baba mdogo mwenyewe mbele ya kioo. Nikaandika (e), akaiona inageuka mbele ya macho yake. Nikabonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, ikarudi (e). "Rudia," akasema. Nikarudia. Mara ya nne akabonyeza yeye.

Hiyo Ctrl na Z ndiyo kofi la kwanza la kumpiga mwenye kiherehere. Ibonyeze palepale, kabla hujaendelea, na mashine inafuta ujanja wake lakini inakuachia ulichoandika. Hata ukianza mstari na "1." ikakulazimishia orodha, dawa ni hiyohiyo. Hata ukigonga vistari vitatu na Enter, likatokea lile joka la mstari upana wa karatasi ambalo vijana wanahangaika kulifuta wasiweze. Haliwezi kufutika kama maneno kwa sababu si maneno, ni mpaka wa aya, na huondolewa kule kwenye mipaka. Ukichoka kabisa, ingia kwenye "AutoCorrect Options" uchomoe kimoja kimoja usichokitaka. Kuna waliojaribu kutupa kompyuta ya lugha yetu, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, lakini mashine nyingi za steshenari bado zinawaza Kiingereza na kupigia mstari mwekundu majina ya ukoo mzima.

Ukurasa wa ndani, wenye picha ndogo za bibi na wajukuu, niliupangia jedwali, picha chumba hiki, maneno chumba kile, halafu nikaondoa mistari ya jedwali isionekane. Picha za namna hiyo hazitoroki. Mwisho nikageuza kazi yote kuwa PDF, ambayo ni kama fotokopi, kwa sababu kompyuta ya steshenari inaweza kukosa fonti za kwangu ikapangua kila kitu upya.

Zikapanda nakala 200 na gari la saa moja asubuhi. Baba mdogo alichukua ya juu kabisa, akapitisha kidole kwenye majina mpaka kwenye (e), akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa ndani wa koti.