Kupenya na Kupenyezwa

"Mjukuu wangu, ganda nalitafuna, makapi nayatema. Ni kitu gani basi kinachoingia kichwani?"

Swali hilo aliulizwa mwanafunzi wa Kiswahili na Biolojia aliyekuwa likizoni kwao, karibu na mji wa Maua. Babu yake alikuwa amepakata kitita cha kangeta. Miraa ndiyo iliyomsomesha kijana huyo. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, alifukuzwa shule mara kadhaa kwa ajili ya karo. Biolojia aliisoma kwa Kiingereza. Babu hakijui, Kiswahili alijifunzia Isiolo, katika biashara.

Mwanafunzi alianza na utando. Kila seli, alieleza, imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta. Chembe za chumvi zina chaji ya umeme, hivyo haziyapiti mafuta hayo. Hungoja milango ya protini. Kathinoni, kiini cha nguvu ya miraa, huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya yenyewe kutoka palipo nyingi hadi palipo haba. Ndiyo sababu mtafunaji huiweka shavuni kwa muda mrefu: sehemu kubwa huingia damuni kupitia utando laini wa kinywa. Ubongo nao una ukuta wake, lakini seli za ukuta huo zina mafuta yaleyale.

Hapo Kiswahili kilimfaa kuliko vitabu vyake. *Penya* hutaja kinachojiendea. *Penyezwa* hudai mtenda na nguvu. Naam, seli huyafanya yote mawili, kwani pampu yake hutoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, kwa gharama ya nishati. Wanaodai kwamba lugha hii haina maneno ya sayansi aghalabu hawajaunyambua mzizi mmoja hadi mwisho.

Babu aliafiki. Kwamba miraa iliyonyauka haina kitu alilijua tangu ujana, ndiposa akaifunga kwa majani ya mgomba. Mjukuu aliongeza tu kwamba kathinoni hugeuka kathini, iliyo dhaifu zaidi.

Mdogo wake mwanafunzi alikuwa kando, ameegemea ukuta. Alikuwa amerejea kutoka Siakago, Embu, alikofanya kibarua, na mfuko wa muguka. Huo huliwa majani yenyewe. Usiku wa pili huo hakuwa amelala.

Mwanafunzi aliendelea kwa sauti ya chini. Katika ubongo mna milango ambayo kazi yake ni kuirudisha dopamini ndani ya seli baada ya ujumbe kufika. Kathinoni hupitia milango hiyohiyo, ikaifanya iitoe dopamini badala ya kuirudisha.

"Yaani bawabu ndiye anayetoa mali nje?"

"Ndiye, babu."

Mzee alikifunga kitita chake polepole, kisha akamwita yule mdogo aje aketi karibu, aelezwe tena tangu mwanzo.