Karamu ya Mama Kule Uroa

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 wazazi wetu walitimiza miaka 50 ya ndoa. Walifunga ndoa yao mwaka 1974 katika kanisa la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, lile lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa na ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873. Ibada ya shukrani tuliipanga iwe Jumapili. Swali lililobaki kwetu watoto wanne lilikuwa moja: tutakula wapi?

Tulidhani tutapika nyumbani, tutandike mikeka, tuwaite jamaa na majirani. Mama akakataa. Akasema kama ni lazima kula, basi twende mbali, mahali ambapo hakuna amjuaye.

Sababu tuliijua. Mwaka uliotangulia Mama alipatwa na kiharusi. Akili imerudi, maneno yamerudi, mguu unavuta kidogo tu. Lakini mkono wa kulia haujarudi. Na hapa kwetu pwani, Mkristo kwa Mwislamu, mtoto hufundishwa mapema kwamba chakula hakiguswi kwa kushoto. Jina lenyewe linasema: mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Mama yetu, ambaye alitupiga vidole sote kwa kosa hilo, sasa hakuwa na mkono mwingine ila huo huo wa kushoto. Ndiyo maana mwaka mzima sahani yake ilikwenda chumbani, mlango ukarudishwa, naye akala peke yake.

Tukachagua Uroa, kijiji cha wavuvi upande wa mashariki. Siku moja kabla tulipiga simu kwenye mgahawa mdogo wa pale. Hilo tunawashauri wenzetu wote, maana migahawa ya vijijini haiweki chakula tele. Hununua samaki wanaoletwa na ngalawa siku hiyo. Tuliomba pia mambo mawili kwa ajili ya Mama: chumvi iwe kidogo kwa sababu ya shinikizo la damu, na samaki atolewe miiba kabisa, kwa kuwa aliyepata kiharusi huweza kupaliwa kwa urahisi.

Jumamosi asubuhi tuliondoka kwa gari la kukodi. Njia inapita Mwera na Koani, kisha Dunga, yalipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu la karne ya 19. Baba aliwasimulia wajukuu habari za Mwinyi Mkuu na ngoma zake, nao wakasahau kugombania dirisha. Tulipofika Chwaka, samaki walikuwa wakinadiwa pwani. Hapo tukageuka kaskazini, bahari ikiwa mkono wetu wa kulia, mpaka Uroa.

Maji yalikuwa yamekupwa. Uroa yakikupwa, bahari hurudi mbali sana, na mtu huona mchanga mweupe, vidimbwi, na vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama kwa mistari. Kilimo hiki kilianza kama biashara hapa Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani hukaushwa na kupelekwa nchi za nje, ambako hutolewa ute wa kugandishia vyakula na hata dawa ya meno. Kina mama walikuwa wakirudi na magunia, nguo zimelowa hadi kifuani. Mama aliwatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawa ndio wenye mikono."

Mgahawa ulikuwa banda la makuti lenye meza tano. Tulikuwa tumevaa kwa heshima, kanga juu ya magauni, kama ipasavyo kijijini. Mwenye mgahawa, mama wa makamo, alitoka jikoni akifuta mikono, akamwamkia Mama kwanza. "Shikamoo, Bi mkubwa. Pita hapa, upepo wa kusi usikupige." Huyo ndiye mtu asiyetujua tuliyemfuata mwendo wote ule, naye akatupokea kama anayetungoja tangu juzi.

Kisha likaja birika la maji na beseni, na kwa adabu akaanza na mkubwa wa meza. Mama hakutoa mkono. Aliuficha ndani ya kanga, akainamisha uso. Sisi watoto wake tuliangalia meza. Wifi yetu alianza kusema jambo juu ya hali ya hewa.

Yule mama hakuuliza neno. Aliweka birika chini, akaupokea mkono wa kulia wa Mama kwa mikono yake miwili, akaunyoosha taratibu, akauosha kidole kimoja kimoja kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Akaukausha. Kisha akaushika wa kushoto, akauosha vile vile. "Yote miwili ni yako," alisema, "na yote miwili Mungu kakupa." Akaenda kuleta chakula.

Ndugu zetu, sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumewafundisha wagonjwa wengi wodini: tumia mkono ulio mzima, usione haya, na ule uliolegea usiuache, uoshe, unyooshe kila siku. Tumeyasema hayo kwa wake wa watu na mama za watu. Nyumbani kwetu tulimpelekea Mama sahani chumbani. Tulidhani tunamsitiri, kumbe tulikuwa tunamficha. Anayesitiriwa hubaki na watu wake, wakimkinga. Sisi tulimwondoa mezani, na aibu tuliyoikinga ilikuwa yetu.

Kikaja wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, boga la nazi na kachumbari. Pweza alikuja pia kwa ajili ya vijana, laini, amepigwa vizuri kabla ya kupikwa. Baba alisali kwa ufupi. Halafu akachukua tonge dogo la wali na samaki, akamgeukia Mama. "Siku ile tulilishana keki mbele ya watu," akamwambia, "leo nakulisha samaki." Mama alicheka, akafungua kinywa. Sisi tulipiga vigelegele mpaka wavuvi wa pwani wakageuka.

Tonge la pili Baba hakumpa. Alimsogezea kijiko, akanyamaza. Mama alikitazama, kisha akakishika kwa mkono wa kushoto, akala mbele yetu sote.

Haikuwa kazi rahisi. Wali ulimwagika juu ya kanga, na mjukuu mmoja mdogo akauliza kwa sauti mbona Bibi anakulia kushoto. Mama yake alinyoosha mkono amfinye, lakini Bibi alimwahi: "Kwa sababu ule mwingine umestaafu, mwanangu. Niwekee boga." Alikula polepole, amekaa wima, akimeza kabla ya kuchota tena, nasi kwa mara ya kwanza hatukumharakisha. Tulipomaliza, maji yalikuwa yamejaa na vile vijiti vya mwani havikuonekana tena.

Jumatatu jioni sahani ya Mama iliwekwa mezani pamoja na zetu, na mpaka leo ndipo inapowekwa. Mazoezi ya mkono wa kulia yanaendelea kila asubuhi.

Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako yuko mzee anayelia chakula chumbani, mkalishe wima mezani, mpikie laini, punguza chumvi, mpe kijiko na muda wa kutosha. Akimwaga, mfute kama alivyokufuta wewe. Na kama mna siku ya furaha na akiba kidogo, mchukueni mkale naye nje, watu wamwone. Uroa ni pazuri, ila kumbukeni kwamba mwezi wa Ramadhani kijiji kinafunga. Mchana si wakati wake.