Rangi juu ya Kutu

Marehemu baba yangu aliniachia urithi mmoja: baisikeli ya chuma, rangi yake nyeusi. Ndiyo inipelekayo shuleni kila siku, huku kwetu karibu na Bukavu, ambako mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei.

Miaka miwili iliyopita niliona madoa mekundu katika bomba la chini ya kiti. Sikukuu ilikuwa karibu, nami sikutaka kuchekwa. Nikanunua rangi, nikapaka juu ya kutu. Baisikeli iling’aa, nikajisifu. Lakini baada ya miezi michache rangi ilivimba kama ngozi iliyoungua. Mwanangu akaniuliza: “Baba, kutu uliifukuza au uliificha?” Niliona haya. Nawakataza wanafunzi wangu kufunika kosa kwa wino. Nami nilifanya nini? Nikamjibu: “Niliificha.”

Kutu huzaliwa chuma kikutanapo na maji na hewa. Nayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kile ilichokila; kwa hiyo huinua rangi toka chini, na maji hupata mlango.

Kiangazi kilipofika tulianza upya. Nilibandua rangi iliyovimba kwa kisu, nikasugua kwa msasa uliolowa maji, mtoto akikaa mbali. Kwa maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu. Nilisugua hata kupita ukingo wa doa, mpaka chuma kitupu kikang’aa. Kisha nikakibonyeza kwa ncha ya msumari. Kama kingalibonyea, kazi ingalikuwa ya fundi wa kuunga vyuma, kwani rangi haitii nguvu bomba lililoliwa. Kumbe kilikuwa kigumu bado! Hapo nikamwita mwanangu. Tukakifuta, tukakikausha juani, tukapaka bila kukawia rangi ya kuzuia kutu. Ilipokauka tukapaka nyeusi mara mbili, nyembamba nyembamba.

Mara ya kwanza nilitumia saa moja. Mara hii siku tatu. Hata hivyo kiraka chaonekana, maana nyeusi mpya hailingani na ya baba. Sijali. Mvua za mwaka mzima zimepita, na mahali pale pangali laini.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nami nimejifunza kwamba ufa hausafishwi kwa kuzibwa. Sasa mwanangu ndiye mkaguzi: kila Jumamosi hupitisha kidole chini ya kiti, nami nangoja neno lake.