Udongo chini ya miguu ya Goliati

Siku ya maonyesho wengi mulisimama mbele ya meza yetu na kuuliza: "Mulifanya je juu askari wenu wasianguke?" Leo tunawajibu, na tunaongeza jambo moja ambalo siku ile hatukulisema.

Mwalimu wa dini alitupa kazi ya kuonyesha 1 Samweli 17, Daudi na Goliati katika bonde la Ela. Tulichimba udongo wa kufinyanga, tukauponda, tukatia mchanga kidogo. Tulifinyanga Waisraeli 20, Wafilisti 20, na Goliati. Tulivikausha vyote kivulini, kwa maana kwa jua udongo unapasuka. Lakini kuvisimamisha, ole! Miguu ni nyembamba, kichwa ni kizito. Goliati mwenyewe alianguka mara tatu mbele Daudi hajaokota hata jiwe moja.

Basi kila askari alihitaji kitako. Tuliokota vifuniko vya chupa za soda, upana wake karibu milimita 30. Unakipindua kifuniko, unakijaza udongo mbichi, unachomeka miguu ya askari ndani. Ukikauka, unapakaa juu uji mzito wa unga wa muhogo, unanyunyiza mchanga, unapukuta ule usioshika, unaacha mupaka asubuhi. Halafu unapaka maji ya makaa yaliyosagwa. Mwisho unachukua burushi yenye chokaa kidogo sana, karibu kavu, na kugusa juu juu tu. Hapo mchanga unatokea kama mawe ya kweli. Kwa manyasi tulipata unga wa mbao kwa seremala, tukautia rangi ya majani mabichi yaliyopondwa.

Mwalimu wa historia alituambia kama kazi hii ina wenzake mbali. Huko Ulaya na Marekani hata watu wazima wanacheza vita vya mezani kwa askari wadogo, na wanapamba vitako vyao kwa mchanga na gundi, sawasawa na sisi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha mchezo huo, Little Wars, mwaka 1913. Mwaka uliofuata, 1914, vita vya kweli vilishika Ulaya. Tulinyamaza kidogo, kisha tukarudia kazi.

Sasa lile jambo. Vitako vya Waisraeli tulivipamba vizuri: manyasi, mawe, hata maua ya karatasi. Vya Wafilisti tulipaka potopoto na masizi, basi. Na mmoja wetu, kwa mzaha, akawaita Wafilisti wale kwa jina la kabila moja la hapa kwetu Ituri. Wengi wakacheka. Munajua vile inakuwaka.

Mwenzetu mmoja hakucheka. Yeye na wazazi wake walikimbia kijiji chao, wakafika kuishi katika kambi hapa Bunia. Akachukua Mfilisti mmoja, akatazama chini ya miguu yake, akauliza pole pole: "Na hawa, kwao manyasi haiko?"

Hakuna aliyejibu. Vita vya Ituri vya 1999 mupaka 2003 sisi tunavijua kwa masimulizi ya wazazi. Lakini mwaka 2021, wakati état de siège ilipotangazwa katika jimbo letu, tulikuwa tayari na macho. Kila mara tunasikia watu wakigombania kilima na shamba. Na sisi, juu ya meza ya masomo, tulikuwa tumekwisha kuwanyima wengine hata manyasi.

Tukafungua Biblia tena. Jeshi hili lilisimama mlimani upande huu, jeshi lile mlimani upande ule, na bonde kati yao. Bonde ni moja. Mvua iliyonyesha kwa Waisraeli ilinyesha na kwa Wafilisti.

Basi tulilowesha vitako vyote 20 na cha Goliati, tukavikwangua, tukaanza upya: mchanga uleule, chokaa ileile, manyasi yaleyale. Ilitukula jioni mbili. Yule aliyefanya mzaha ndiye aliyekwangua vingi kupita sisi wote, na vidole vyake vilitoka damu. Hatukumwambia neno, na yeye hakusema neno.

Siku ya maonyesho mama mmoja mgeni aliinama juu ya meza, akauliza: "Watoto wangu, Wafilisti ni wapi hapa?" Tukamwonyesha kwa kidole. Lakini tulifurahi sana kwa sababu aliuliza.

Musitupe vifuniko vya soda. Mutuletee, kwa maana mwaka ujao tunataka kufinyanga kuta za Yeriko, na watu wake ni wengi.

Ni sisi wenzenu, wanafunzi wa mwaka wa nne.