Doa la Begani

Walimu wenzetu, katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya vina na mizani, ngeli na upatanisho wa sarufi, na mengineyo yampasayo mwalimu wa Kiswahili. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo la uani, nalo ni kufua nguo na kuondoa madoa sugu. Asitudharau mtu kwa hilo. Mwalimu husimama mbele ya wanafunzi ambao kwanza humtazama shati, kisha ndipo wamsikilize. Nasi tufundishao hapa Uganda, pande za Masaka, twajua jinsi shati jeupe linavyoandamwa na chaki, wino, chai na vumbi jekundu la barabarani tangu asubuhi hadi jioni.

Isitoshe, jambo hili lina faida yake darasani. Wanafunzi wetu, kwa kuwa Luganda husema "okwoza engoye", huandika bila wasiwasi kwamba mama "anaosha nguo". Huwaambia kuwa Mswahili huosha vyombo na hunawa mikono, lakini nguo huifua. Tena kazi yenyewe ina hatua zake, na kila hatua ina jina: nguo huloweka­­wa, ikafikichwa kwa mikono, au ikasuguliwa ikiwa ni nzito, ikasuuzwa, ikakamuliwa, ikaanikwa, na jua likishuka ikaanuliwa. Rangi ikitoka, nguo imechuja. Ikififia kwa jua, imepauka. Na uchafu uliong'ang'ania ni doa au waa, ukienea ni baka; wa chuma ni kutu, na wa unyevu ni ukungu. Mwanafunzi aliyefua shati lake mwenyewe huyashika maneno haya kwa somo moja tu.

Ama juu ya madoa yenyewe, miaka ya ualimu na ya ulezi imetufunza kwamba kosa kubwa ni kuyadhania kuwa ni mamoja. Kila doa lina asili yake, na dawa ya hili huwa sumu ya lile. Damu, mathalan, yataka maji baridi na chumvi kidogo. Ukiitia maji ya moto huiva kama yai, ikashikamana na uzi. Doa bichi la chai kwenye pamba nyeupe, kinyume chake, huondoka kwa kumiminiwa maji yachemkayo. Mafuta ya kupikia yanyunyizie unga au poda, uache hadi poda iyanywe, kisha ndipo utie sabuni. Wino wa kalamu ya bomba hulegea kwa spiriti: weka kitambaa safi chini yake, ugusegusie kutoka ukingoni kuelekea katikati, wala usisugue, maana utalitandaza. Tope jekundu liache likauke kwanza, ulikung'ute, ndipo ufue. Ukiharakisha likiwa bichi, unalizamisha. Juu ya yote, usiipige pasi nguo yenye doa, kwa kuwa moto wa pasi hulifunga doa humo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na dobi yeyote atakuthibitishia.

Hayo yote tuliyajua, na tukawafunza wengine. Hata hivyo siku yetu ilipofika, tuliyasahau.

Binti yetu wa pili alikuwa amepata mchumba, na siku ya sherehe ya utambulisho, ile Waganda waiitayo kwanjula, ilikuwa imekaribia. Siku hiyo baba wa binti huvaa kanzu, na juu yake koti. Sisi tulikuwa tumeazimia kuvaa kanzu ya marehemu baba yetu, ya pamba nyeupe, yenye taraza ya uzi wa hariri wa rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani. Ilikuwa imekaa sandukuni miaka mingi. Tulipoitoa, siku moja kabla ya wageni, tuliona madoa mawili. La kwanza lilikuwa kutu, kifuani chini ya taraza, mahali ambapo bawaba ya sanduku ilikuwa imegusana na kitambaa. La pili lilikuwa begani, jeusi lenye wekundu wa mbali, pana kama kiganja. Hilo la pili tulilikumbuka tangu utotoni, na siku zote tulilichukulia kuwa uzembe wa mzee.

Badala ya kuketi na kufikiri, tulichukua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki hata iwe imetengenezwa na nani, tukaimimina beseni zima bila kuipima. Kutu haikuondoka, ilizidi kukolea, kwa maana klorini haiondoi kutu bali huizidisha. Nayo hariri, ambayo haistahimili kabisa dawa hiyo, ilianza kupauka mbele ya macho yetu. Hapo tukapigwa na hofu. Tukakumbuka kwamba kutu yataka limau, na bila kuimwaga ile dawa tukakamulia malimau manne ndani ya beseni lile lile, tena bafuni, mlango ukiwa umefungwa.

Wenzetu wafundishao sayansi watakuwa wamekwisha kushtuka. Klorini ya kufulia ikikutana na tindikali, iwe ya limau au ya siki, hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo jeshi la Ujerumani lililowafungulia adui zake huko Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Yetu ilikuwa kidogo, lakini ilitosha. Macho yaliwaka, kifua kikabana, tukakohoa hata tukashindwa kuita. Aliyefungua mlango na kututoa nje kwa mkono ni yule yule binti aliyekuwa aposwe kesho yake. Tulikaa chini ya mwembe zaidi ya saa nzima tukitafuta pumzi, tukiwaza jinsi ambavyo wageni wangefika wakakuta matanga. Kwa hiyo twawasihi, ndugu zetu, na mwafunze hata watoto wadogo: dawa ya klorini isichanganywe na kitu chochote isipokuwa maji. Si limau, si siki, si dawa ya choo, wala si amonia, kwani hiyo nayo huzaa gesi yenye madhara.

Jioni ile alifika shangazi yetu, dada yake marehemu, aliyekuja mapema kwa ajili ya sherehe. Alimkuta mama watoto anaisuuza kanzu kwa maji mengi, mara ya tano au ya sita, mpaka harufu ilipokwisha. Shangazi hakutukemea. Aliichukua, akaitazama taraza, akasema, "Mwanangu, nguo hii ulikuwa na ugomvi nayo?"

Asubuhi alfajiri aliitandaza juani juu ya ubao, akakamulia limau penye kutu, akanyunyizia chumvi, akawa analiongezea limau kila lilipotaka kukauka. Akaisuuza, akarudia. Kabla ya saa nne kutu ilikuwa imebaki kama kivuli cha manjano ambacho asingekiona mtu asiyeonyeshwa. Tukamshukuru, kisha tukamwomba alishughulikie na lile la begani.

"Hili haliondoki," alisema. "Ni utomvu wa ndizi."

Wasomaji wetu wa pwani wataka maelezo kidogo. Mkungu wa ndizi ukikatwa hutoa utomvu mwangavu kama maji, ambao mtu huweza kudhani si kitu. Ukikaa katika hewa hubadilika, ukawa kahawia, kisha ukakaribia weusi, na ukishakauka katika pamba huwa umegeuka rangi ya kudumu. Ndiyo sababu wanawake wa kwetu hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya matoke, na ndiyo sababu mtu mwenye akili haendi migombani kwa nguo nyeupe.

"Basi mzee alikwendaje migombani na kanzu?" tukauliza.

Shangazi akaketi. Akatukumbusha mwaka 1979. Sisi tulikuwa watoto wadogo, na tukumbukacho ni mshindo wa mizinga tu. Mwezi wa Februari mwaka ule majeshi ya Tanzania yaliuteka mji wa Masaka, na watu waliokimbia walijaa vijijini. Baba alikuwa ametoka kuzika jirani, ndiyo maana alivaa kanzu. Alipofika nyumbani alikuta uani akina mama na watoto kutoka mjini, hawajala tangu juzi, na nyuma yao askari vijana watatu wa Kitanzania, waliochoka, wamesimama kando ya njia.

Yapasa ijulikane kwamba baba alijifunza Kiswahili ujanani, alipokuwa akifanya kazi ya reli huko Nakuru. Lakini tangu 1971 alikuwa ameacha kukisema. Serikali ya kijeshi ilikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ila raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, kwa sauti ya kuamrisha: simama, lala chini, toa. Nyumbani kwetu kilikuwa lugha ya kuogopwa.

Mmoja wa vijana wale alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee. Twaomba maji ya kunywa, kama yapo."

Shangazi alisema kwamba baba alinyamaza kitambo kirefu, hata yeye akaanza kuogopa. Kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibuni." Akachukua panga, akaenda migombani vile vile alivyo, akakata mkungu mkubwa kupita wote, akauleta begani. Wakala wote, wenyeji, wakimbizi na askari.

"Mama yako alitaka kuufua ule utomvu usiku ule ule," shangazi alisema. "Baba yako akamkataza."

Tulikaa kimya. Tulikuwa tumejiuliza kwa miaka mingi kwa nini baba, ambaye hakutufundisha neno moja la Kiswahili tulipokuwa wadogo, alituletea kitabu cha Kiswahili mara tu vita vilipokwisha, akatusimamia tukisome. Hakutueleza, nasi hatukumwuliza alipokuwa hai. Na jana yake tulikuwa tumeitia kanzu ile katika beseni la klorini ili tulifute lile doa.

Sherehe ilifanyika kwa heri. Tuliivaa kanzu, koti likafunika bega. Taraza ina mahali, upana wa kidole, palipopauka kabisa, na hapo ni kazi ya mikono yetu; fundi ametuambia kwamba uzi wa rangi ile hasa haupatikani tena. Doa la utomvu halikupungua hata kidogo, ingawa lililoweka katika dawa kali.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa na kidato cha kwanza. Kila mwaka, katika juma la kwanza, hutokea mwanafunzi mmoja wa kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Hakulizua neno hilo, amelipokea kwa babu yake, na babu yake alikuwa na sababu. Zamani tulikuwa tukimjibu kwa ukali, tukimhesabia waandishi, magazeti na mamilioni ya wasemaji. Sasa twatambua kwamba huko nako kulikuwa kumimina klorini bila kupima. Mara hii tulipolisikia neno lile hatukubishana. Tuliwafundisha maamkizi, shikamoo na marahaba, kisha tukawasimulia habari ya kijana aliyeomba maji. Hatudai kwamba wote waliridhika. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, yule askari alirudi kwao salama?" Hatukuwa na jibu, kwa kuwa shangazi naye hakulijua jina lake.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwasimulia. Kwa madoa ya chai, wino, damu na kutu, jaribuni tuliyoyaeleza, na mlango wa bafu uwe wazi daima. Na ikiwa yupo miongoni mwenu ajuaye dawa ya utomvu wa ndizi uliokauka, tafadhali atuandikie, tuwapelekee jirani zetu wanaoihitaji. Sisi wenyewe hatutaitumia.